Kitenzi «get»: namna ya kujua maana yake na kuchagua kisawe kinachofaa

Kamusi ya Kiingereza hujaza safu nzima kwa maana za get, na anayezikariri moja moja huchoka kabla hajafika nusu. Afadhali uiache get yenyewe, utazame kinachoifuata. Hicho ndicho kinachoamua maana, na ndicho kinachoamua kisawe gani kinaweza kukaa mahali pake.

Hatua ya 1: Weka maumbo sawa

Wakati uliopita ni got. Umbo la tatu, linalokuja baada ya have, ni got kwa Waingereza. Wamarekani wengi hutumia gotten. Wao wenyewe hutenganisha hivi: «I've got a car» ni nina gari, «I've gotten a new car» ni nimepata gari jipya. Ukiulizia jambo lililopita, tumia did na urudi kwenye get: «Did you get it?» Kukanusha nako ni hivyo hivyo, «I didn't get it». «Didn't got» ni kosa popote.

Hatua ya 2: Tazama kinachofuata

*Ikifuata nomino*, jiulize kitu kimefikaje mkononi. Kimekuja chenyewe, kama barua, zawadi au malalamiko? Tumia receive. Umekifuatilia kwa utaratibu, kama kibali au viza? Obtain, ingawa neno hili lina harufu ya ofisini na halisemwi mezani. Umetoa pesa: buy. Umekitolea jasho, kama mshahara au heshima: earn. Ujuzi au mali iliyokusanyika taratibu ni acquire; uzoefu, uzito na kujiamini ni gain. Umekwenda mahali ukarudi nacho: fetch.

Ugonjwa una mtego wake. Catch hufaa kwa maradhi ya kuambukizwa tu, kama mafua: «catch a cold». Saratani na kisukari haviambukizwi, kwa hiyo sema get au develop. Na usithubutu «receive a cold», hata kama get hapo ina maana ya kupata.

Get ikifuatwa na mtu kisha kitu, ni ile kauli yetu ya kutendea: «Get me a chair» ni niletee kiti, «Get him a ticket» ni mtafutie au mnunulie tiketi.

*Ikifuata kivumishi*, maana ni kubadilika hali, na kisawe ni become. Hapa ndipo mwanafunzi hupotea, kwa sababu Kiswahili kina kitenzi kimoja tayari: get angry ni kukasirika, get tired ni kuchoka, get wet ni kulowa, «It's getting dark» ni giza linaingia. Hakuna kupata popote. Become ni rasmi zaidi, na ndiyo pekee inayokubali kazi au cheo: «She became a doctor» ni alikuwa daktari kwa maana ya kuhitimu na kuingia kazini. «She got a doctor» ni alimtafuta daktari akaja. Pia kuna mabadiliko yenye vitenzi vyake: chakula kikiharibika ni go bad, mtu akipofuka ni go blind, rangi zikigeuka ni turn (turn yellow), na uzee ujao polepole ni grow old.

*Pakifuata mahali*, maana ni kufika. Visawe viwili vipo, arrive na reach, navyo hutofautiana na get kwa kihusishi: get to the station, arrive at the station, reach the station. Mji au nchi huchukua arrive in. Reach haitaki kihusishi chochote. «Reach at» na «arrive to» husikika mno, na yote mawili ni makosa. Mbele ya home, here na there, ile to ya get hudondoka: get home, get there.

*Likifuata umbo la tatu la kitenzi*, una kauli ya kutendwa: get paid ni kulipwa, get fired ni kufukuzwa kazi, get hurt ni kuumia. Mahali pa get unaweza kuweka be bila kuharibu maana, ila swali hubadilika: «Was he fired?» lakini «Did he get fired?» Muundo huu ni wa matukio. Vitenzi vya hali kama know na own huukataa. Sema «it was known», si «it got known».

*Akifuata mtu, kisha to na kitenzi*, maana ni kumfanya mtu atende, mara nyingi kwa kumshawishi: «I got him to sign» ni nilimfanya asaini, naye akasaini. Kisawe cha karibu ni persuade. Make ni kulazimisha, na haitaki to: «I made him sign». Have ni kumpa mtu kazi, nayo haitaki to: «I had him sign». Kudondosha to kwenye get, au kuichomeka kwenye make, ndilo kosa la kila siku hapa.

Hatua ya 3: Usiifuate «pata» kila iendako

Hili ndilo eneo gumu kwa anayefikiri kwa Kiswahili. Pata yetu hubeba mambo ambayo Kiingereza huyagawia vitenzi vingine:

- kupata ajali: have an accident
- kupata mtoto: have a baby (lakini kupata mimba ni get pregnant)
- kupata chakula cha mchana: have lunch
- kupata faida, kupata hasara: make a profit, make a loss
- kupata shida kufanya jambo: have trouble doing something

«I got an accident» itaeleweka, lakini kila mzawa atajua umetafsiri. Kupata kazi, nafasi, pesa na jibu hubaki get bila wasiwasi.

Ndoa nayo: kuoana na mtu ni get married to. Ile «na» ya Kiswahili ndiyo huleta «married with», ambayo haifai.

Hatua ya 4: Shika vile vinavyoambatana na neno dogo

Hivi havina njia ya mkato, ila vichache vinatosha kuanzia. Get up ni kuamka na kuondoka kitandani, get over ni kupona au kusahau machungu, get along with ni kuelewana na mtu, get by ni kumudu maisha kwa shida, get rid of ni kuondoa kabisa. Get used to hufuatwa na nomino au kitenzi chenye -ing: «get used to waking early».

Kwenye usafiri, basi, treni, ndege na baiskeli ni get on na get off. Gari dogo na teksi ni get in na get out of. Kigezo rahisi: chombo unachoweza kusimama ndani yake au kukipanda kwa kutanua miguu huchukua on. «Enter the bus» si lugha ya kila siku.

Hatua ya 5: Badilisha, kisha usome kwa sauti

Chukua sentensi hizi: «I got your letter when I got home. It was getting late, so I got my brother to call you.» Kwa barua rasmi: «I received your letter when I arrived home. It was getting late, so I asked my brother to call you.» Getting late imebaki, kwa sababu «becoming late» hukwaza sikio. Asked nayo imepunguza kitu: got ilisema kaka alipiga simu kweli, asked inasema aliombwa tu. Kama kupiga kwenyewe ndiko unakotaka kujulisha, andika «so my brother called you at my request».