Taa ya Filta ya Moshi wa Dizeli Ikiwaka, Anza na Sensa

Mazda CX-5 za dizeli kutoka Japani huniletea malalamiko yaleyale: taa imewaka, gari halina nguvu, mlimani linakufa. Mara nyingi mwenye gari ameshaambiwa kwingine kuwa filta ya ekzosi, ile inayonasa masizi ya moshi, imekwisha. Huenda. Lakini kompyuta ya gari haiyaoni masizi. Inategemea sensa inayolinganisha shinikizo la moshi kabla na baada ya filta, na sensa ikidanganya, kompyuta hubeba uongo huohuo.

1. Unganisha mashine ya kupimia, uandike namba zote za hitilafu kabla hujafuta chochote. P2463 ni masizi kujaa. P2452 na P2453 zinaelekeza kwenye sensa au waya zake. P2002 inadai filta haichuji, usikimbilie dukani.

2. Chomoa dipstiki. Filta inapojisafisha, injini hii huongeza dizeli ndani ya silinda, na safari fupi za mjini zikikatiza kazi hiyo, dizeli huishia kwenye oili. Oili ikifika alama ya X, ibadilishe kabla ya lolote. Injini inaweza kuinywa ikapaa mizunguko yenyewe, hata ukizima swichi.

3. Bonyeza kitufe cha kuwashia mara 2 bila kukanyaga breki. Injini haijawaka, kwa hiyo shinikizo la filta lisome sifuri. Lisiposoma sifuri, chomoa kwenye sensa mipira yote miwili inayoleta shinikizo. Bado? Sensa imekufa.

4. Mipira ndiyo inayokula muda wangu, na haijutishi. Ikunje kwa vidole, maana ufa hujificha karibu na klipu. Wa mbele, unaotoka kabla ya filta, ukipasuka, shinikizo huvujia nje, sensa husoma kidogo, na hapo P2002 huzaliwa filta ikiwa nzima. Iliyopishanishwa husoma hasi. Hiyo nimeikuta kwenye gari lililotoka kushushwa giaboksi. Puliza vijibomba vya chuma kuelekea ekzosi, sensa ikiwa imetengwa. Ukiipulizia sensa kompresa, umeiua.

5. Asubuhi, injini ikiwa baridi, sensa za joto la moshi zisome karibu sawa na hewa ya nje. Inayojitenga na wenzake ina kasoro, yenyewe au waya wake.

6. Sasa washa injini. Ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, shinikizo liwe karibu na sifuri; kisha kanyaga hadi mizunguko 3000. Shinikizo likiruka juu sana kuliko kitabu cha gari kinavyoruhusu, filta kweli imeziba. Masizi huungua kwa joto la karibu nyuzi 600, kwa hiyo usafishaji wa kulazimisha (filta kuamriwa na mashine ijisafishe) ufanyie nje, mbali na majani makavu. Majivu ya oili hayaungui hata ufanyeje: filta ishushwe ioshwe, na baada ya hapo weka oili ya daraja la DL-1, yenye majivu kidogo.

Futa namba, endesha barabara kuu dakika 20, kisha rudia dipstiki.