Jinsi ya kuchimba asili ya kitenzi cha Kimarathi, tuanze na basne

Haya wale mnaojifunza Kimarathi, lugha ya Mumbai, Pune na Maharashtra yote, leo tunachimba kitenzi kimoja tu, basne, yaani kukaa.

Kwanza kata mkia. Ile -ne ni kama ku- yetu, ila yao iko nyuma, unabaki na bas.

Hapa ndo watu wanapotea, mimi wa kwanza. Niliona Kihindi kina basna, maana yake kuishi mahali, nikasema si ndo hilohilo, mbona na sisi tunasema nakaa Tandika, nikajiona mjanja kweli. Kumbe wapi! Basna ya Kihindi imetoka kwenye vasati, anaishi mahali, ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na Kihindi kina tabia ya kugeuza v ya mwanzo kuwa b. Kimarathi hakina tabia hiyo, v yake kimeitunza, ndo maana kwao kuishi mahali ni vasne. Ni kama basi la Mbagala na "basi, inatosha", moja la Kiingereza lingine la Kiajemi, sura moja baba tofauti.

Kwa hiyo kabla ya kuamini sura, uliza ndugu zake. Ingia duka la Mgujarati pale Dar au Mombasa utaambiwa beso, kaa. Umeiona hiyo e? Halafu Kimarathi cha zamani kiliandika baisne. Maana yake kuna i ilikuwemo ikamezwa, na vasati haina i kabla ya s. Ukirudi nyuma unakutana na upavishati ya Kisanskriti, anakaa, upa ni karibu, vish ni kuingia, yani unaingia unatulia, halafu upa na vi zikabanana weee mpaka zikawa bai. Vish hiyohiyo ndo iko kwenye pravesh, kuingia.

Kuhakikisha fungua kamusi ya Kimarathi ya Molesworth, toleo la 1857, na ile ya Turner inayolinganisha lugha ndugu zilizotokana na Kisanskriti, zipo bure kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Chicago.

Maana sasa, usiishie kwenye kiti. Shati likikukaa vizuri ni basne, kama sisi tu. Sauti ikikauka, avaj basla. Ukipata mshtuko, dhakka basla. Ninayoipenda mimi ni ya kukaa unafanya kitu bila faida, mama mtu anamwambia mwanae bolat basu nako, usikae unaongeaongea tu hapo.