Ngome imefurika: jinsi ya kuyazuia maji ya chini ya ardhi katika Dwarf Fortress

Juzi usiku binamu yangu alinipigia simu kuhusu ngome yake katika Dwarf Fortress, mchezo wa kompyuta ambamo unaongoza vibete wanaochimba na kujenga ngome. Kisima alichokijenga katikati ya ukumbi wa kulia kilikuwa kinatapika maji, na kila akijenga ukuta maji yanapanda juu zaidi. Tulikesha naye. Ninaandika tuliyoyafanya kwa sababu ngome yangu ya kwanza ilikufa hivyohivyo.

Hatua ya 1: Simamisha mchezo. Bonyeza spesi. Amri zote unaweza kuzitoa mchezo ukiwa umesimama.

Hatua ya 2: Funga milango kwa kufuli. Mlango uliofungwa huzuia maji, hata ukiwa wa mbao. Angalia tu kizingiti: kitu chochote kikilala pale, mlango haufungi. Kina cha maji huhesabiwa kutoka 1 hadi 7. Mpaka 3 vibete wanapita. Kuanzia 4, asiyejua kuogelea yumo hatarini.

Hatua ya 3: Jua maji yanatoka wapi. Kama kuta zenyewe zinavuja, umechimba kwenye tabaka la maji. Lainisha kuta hizo, zitaacha kuvuja. Udongo haulainishwi, kwa hiyo chimba mraba mmoja zaidi kila upande kisha ujenge ukuta. Tabaka hafifu la maji linakupa muda wa kutosha kufanya haya yote. Na mchimbaji akiacha kazi kwa kuwa jiwe lina unyevu, hilo ni onyo; usimrudishe mpaka uwe umejua upande wa pili kuna nini.

Kama maji yanafuata mfereji ulioutoa mtoni, nenda hatua ya 4.

Hatua ya 4: Vunja presha. Hapa ndipo tulipomaliza usiku. Maji ya mto yakishuka kwenye shimo lililojaa, yanasukuma yale ya chini, nayo yanatafuta njia ya kupanda kurudi karibu na usawa wa mto. Kisima chako kikiwa chini ya usawa huo, basi mdomo wake ndio njia. Ukiziba ukumbi, yatapanda ngazi. Ndiyo maana kuta za binamu yangu hazikusaidia kitu.

Dawa yake ni kona. Presha haipiti kati ya miraba miwili inayogusana kwa pembe tu. Chimba mfereji uende moja kwa moja, kisha mraba unaofuata uuchimbe kwa mshazari, na miraba miwili ya pembeni ibaki ukuta. Maji yatapita, ila hayatasukuma tena.

Lakini *mahali* pa kona ndipo penye shida. Sisi tuliiweka juu, karibu na mto, tukasubiri, na maji yakaendelea kupanda. Sababu ni kwamba baada ya kona yalikuwa yanashuka tena viwango vinne, na shimo lile likijaa linazaa presha mpya. Kona iwe kwenye kiwango kilekile cha tangi la kisima, baada ya mteremko wa mwisho. Na usije ukaagiza mtu achimbe mojawapo ya zile kuta mbili za pembeni, kwa sababu presha itarudi palepale.

Huwezi kuchimba kona mfereji ukiwa umejaa, kwa hiyo kata maji kwanza. Wengi hutumia lango la maji. Mimi natumia mlango wa mawe uliounganishwa na leva: lango huchelewa vipimo 100 vya muda wa mchezo baada ya leva kuvutwa, mlango unafunga papo hapo, na vibete hawawezi kuufungua kwa mkono. Kila muunganisho unakula mekanizimu (vifaa vya kuunganishia leva) mbili. Weka milango miwili, na leva iwe mbali na maji. Kama hukuweka mlango wowote mapema, jenga ukuta kwenye sehemu ya mfereji ambayo bado ina maji kidogo, ukiangalia mjenzi amesimama upande gani, maana anaweza kujifungia upande wa maji.

Hatua ya 5: Toa maji yaliyobaki. Kina cha 1 hukauka chenyewe, zaidi ya hapo hakikauki. Pampu ya skrubu inafanya kazi, lakini inataka mtu wa kuiendesha au nguvu ya gurudumu la maji au la upepo, na siipendi kwa dharura. Bora uchimbe mfereji hadi ukingoni mwa ramani. Mraba wa mwisho hauchimbiki, ila jiwe lake unaweza kulilainisha na kulichonga matundu ya ulinzi, na maji yatatokea humo yapotelee nje.

Matope yanayobaki juu ya jiwe usiyaondoe yote. Ndiyo yanayokuwezesha kulima ndani ya mwamba, na binamu yangu tayari ameshapanda uyoga kwenye kilichokuwa ukumbi wa kulia.