Ijaribu kazi ya ndoto yako kabla ya kuacha uliyo nayo

Kwa siku 14, andika daftarini kila jioni shughuli iliyokufanya usione saa zikipita, na ile iliyokuchosha hata kabla ya kuianza. Andika kitendo, si cheo: “kusawazisha hesabu za wateja”, si “uhasibu”. Hapa ndipo wengi hupotea. Hupenda jina la kazi, kisha shughuli zake za kila siku zikawashinda.

Watafute watu 3 wanaoifanya kazi unayoiota, waombe dakika 20 tu, na uulize: jana ulifanya nini, tangu asubuhi hadi jioni?

Halafu mfanyie mtu mwingine kazi moja halisi ya aina hiyo, yenye tarehe ya kukabidhi. Ya kujifanyia mwenyewe haitoshi, maana hakuna wa kuikataa. Ajira usiiache kabla ya kuweka akiba ya matumizi ya miezi 6.