Somo: Kuandaa na Kutumia Tempera ya Kiini cha Yai

Tempera ya yai ni rangi ya unga inayoshikwa na kiini cha yai, na ndiyo iliyotumika katika picha nyingi za ubaoni nchini Italia kabla rangi ya mafuta haijaenea huko katika karne ya 15.

Kwanza, andaa ubao mgumu, kwani tempera iliyokauka haipindiki, na juu ya kitambaa kinacholegea hupasuka. Paka tabaka kadhaa za jeso, yaani chaki iliyochanganywa na gundi vuguvugu ya ngozi ya mnyama, kisha piga msasa.

Hatua ya pili ndiyo inayodai subira. Tenga kiini na ute mweupe, ukihamishe kutoka kiganja kimoja hadi kingine huku ukifuta mikono, mpaka kikauke kwa nje. Kisha ushike utando wake kwa vidole viwili juu ya kikombe, utoboe kwa ncha ya kisu na uache umanjano udondoke. Utando wenyewe utupe, kwa sababu ukibaki huleta vinundu. Ongeza kijiko cha chai cha maji.

Tatu, saga rangi kwa maji hadi iwe kama uji mzito, ukivaa barakoa unaposhika unga wake (rangi zenye risasi au zebaki ni bora kuziacha kabisa), ndipo uchanganye na kiini kwa kiasi sawa. Kipimo hicho, alichokiandika Mwitaliano Cennino Cennini mnamo mwaka 1400 hivi, ni cha kuanzia tu, maana rangi hazinywi kiini sawasawa. Pima kwenye kioo: tabaka lililokauka likikwanguliwa na kutoka kama utepe, mchanganyiko umekubali, likitoka unga, ongeza kiini.

Unapochora, weka mistari myembamba kandokando, tabaka juu ya tabaka, kwa kuwa rangi hukauka mara moja na haikupi nafasi ya kuichanganya ubaoni.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, umanjano wa yai hautaharibu rangi nyeupe?
Jibu: Hautaiharibu, kwa sababu hufifia kwenye mwanga. Hata hivyo, Cennini alipendekeza viini vyeupe zaidi vya kuku wa mjini kwa nyuso za vijana.

Swali: Naweza kuhifadhi mchanganyiko kwa wiki nzima?
Jibu: Hapana, utaoza. Tumia yai jipya kila siku ya kazi.

Swali: Mbona picha yangu bado inakwaruzika?
Jibu: Imekauka, lakini haijakomaa. Iache miezi kadhaa mahali pasipo vumbi, na usiipake vanishi kabla ya hapo.