Kabla hujapandisha kodi, piga hesabu ya mwezi mtupu

Wenye nyumba za kupangisha, ule ubishi wa kila siku wa nipandishe kodi au nimwache mpangaji wangu mzuri, jamani umalizeni kwa kalamu. Mwaka una miezi 12. Ukiongeza asilimia 5, mpangaji akahama, nyumba ikakaa tupu mwezi mmoja tu, utakusanya miezi 11 kwa kodi mpya ambayo ni kama miezi 11 na nusu ya kodi ya zamani, yaani mwaka huo umepata pungufu kuliko ungemwacha, na utahitaji kama miezi 20 kurudisha ule mmoja uliopotea. Hapo bado hujapaka rangi, hujabadilisha vitasa, hujamlipa dalali, na huyo mgeni hujui kama atalipa kwa wakati.

Sisemi usipandishe kabisa, matengenezo nayo yanapanda bei, ila kwa anayelipa vizuri na kutunza nyumba ongeza kidogo kidogo, mpe taarifa mapema kwa maandishi, na soma kwanza mkataba wenu na sheria ya mahali nyumba ilipo maana sehemu nyingine kuna kikomo.