Kuvuta Tela la Boti kwa Pikapu Iliyobeba Kibanda cha Kulala

Pikapu yenye kibanda cha kulala juu ya bodi huwa imekwisha tumia sehemu kubwa ya uwezo wake kabla hujaifungia tela. Kwa hiyo anayetoka Mwanza na boti ya faiba nyuma, akielekea Lamadi au Sengerema, asianze kwa kuuliza gari lake linavuta kilo ngapi. Kitabu cha pikapu nyingi za dizeli kitamjibu kilo 3,500 kwa tela lenye breki na kilo 750 kwa lisilo na breki. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi, kwa kuwa kinachozidiwa kwanza ni ekseli ya nyuma.

Hatua ya kwanza ni kupima. Jaza dizeli, maji na vyakula, abiria wakae mahali pao, kisha upeleke gari kwenye mizani ya magari. Mimi huomba ruhusa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Pima gari zima, halafu ekseli ya nyuma peke yake, magurudumu ya mbele yakiwa nje ya jukwaa, na ulinganishe na uzito unaoruhusiwa na mtengenezaji. Kilo zinazobaki kwenye ekseli hiyo ndizo ulizo nazo kwa ajili ya uzito ambao tela litaishushia, si uzito wa tela zima.

Hatua ya pili ni kupima uzito wa shingo ya tela, yaani ule unaokandamiza chuma cha kuvutia. Kwa tela la kilo 1,500, mimi hutaka shingo iwe na kilo 150 hivi. Mizani ya kuning'iniza, kama zile za kupimia samaki mwaloni, inatosha, mradi uwezo wake uzidi uzito huo: inyanyue shingo mpaka tela likae sawa na usome. Shingo ikiwa nyepesi, sogeza boti mbele, kwa maana injini iliyofungwa nyuma ya boti huinua shingo. Niliwahi kupuuza jambo hili. Nikitokea Magu, mkanda ulilegea na boti ikarudi nyuma kiasi cha kiganja tu, na mara nikaona pua yake kwenye kioo cha kushoto, kisha cha kulia, kisha cha kushoto tena, kila safari ikitokeza zaidi. Hali hiyo ikikupata, usikanyage breki kwa nguvu wala usiongeze mwendo. Achia mafuta, shikilia usukani ukiwa umenyooka, na kama breki za tela zina swichi yake, zibonyeze hizo peke yake.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Kibanda kikichomoza nje ya bodi, mafundi hurefusha chuma cha kuvutia, na urefu huo hugeuka kuwa mtaimbo. Chukua pikapu ambayo ekseli zake zimeachana kwa mita 3.1, na tela limefungwa mita 1.8 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zile kilo 150 za shingo zitaongeza kilo 237 kwenye ekseli ya nyuma na kuondoa kilo 87 kwenye ekseli ya mbele, ambayo ndiyo inayokata kona na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Usukani ukiwa mwepesi isivyo kawaida, usijifariji kwamba gari limelainika. Kuongeza springi kutainua mkia, lakini hakuongezi kilo hata moja kwenye uwezo wa ekseli. Fupisha chuma au punguza mzigo.

Yaliyobaki ni ya dakika chache: upepo wa tairi upimwe zikiwa baridi, minyororo ya usalama ipishane chini ya shingo, taa na indiketa zijaribiwe, na vikazio vya kibanda vikazwe tena baada ya kilomita 20, kwa sababu hulegea.

Barabarani, mimi sizidishi kilomita 70 kwa saa. Kwenye daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025 na lenye urefu wa takriban kilomita 3, upepo wa ziwa hupiga ubavu wa kibanda bila kizuizi chochote. Hivyo napendelea kuvuka asubuhi, kabla haujashika kasi. Kwenye mteremko, shusha gia mapema, gari lishikwe na injini, breki zisichemke.

Ukifika mwaloni, gusa habu za tela, yaani vitovu vya magurudumu vyenye beringi ndani, kwa mgongo wa mkono. Zikiwa za moto, subiri zipoe, maana habu ya moto ikizamishwa hupoa ghafla, ikafyonza maji kupitia sili, na beringi ikaharibika. Chomoa waya wa taa, funga gia ya magurudumu manne, ndipo urudi nyuma polepole kuelekea majini.